Poni, Niko Koboko

Soko zima tulimwita Mzee wa Maneno, na mgeni angedhani ni kwa sababu ya usemaji. Wapi! Ungeweza kukaa naye barazani tangu asubuhi mpaka adhuhuri ukaambulia sentensi tatu, na mbili kati ya hizo ni salamu. Jina lilitokana na kazi yake: alikuwa anauza maneno. Kama una biashara yako ndogo hapa Arua, Uganda, labda unauza mabati, labda unashona sare za shule, yeye alikuchagulia maneno ambayo mtu akiyaandika kwenye simu yake kutafuta kitu, jina lako linatokea juu kabisa pamoja na namba yako. Maneno hayo unayalipia kwa mashine ya kutafuta, na mzee unampa chake kidogo kwa kukuchagulia. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, alikaa kwenye baraza hiyo hiyo na taipureta, akiwaandikia watu barua za kuomba kazi na hati za kuuziana mashamba.

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, siwezi kusema, na sikuwahi kuuliza. Ninachojua ni habari ya mkewe, na hiyo tuliijua wote, kwa sababu hakuificha. Mkewe aliitwa Poni. Alivuka mpaka kwenda kumzika mama yake upande wa Sudani Kusini, akaaga kwamba ni wiki mbili tu. Wiki ya pili bunduki zikaanza kulia tena huko, barabara ikafungwa, watu wakamiminika kuja kwetu kwa miguu na vitanda kichwani, na Poni hakuwemo. Mzee alizunguka kambi zote. Alisoma kila orodha iliyobandikwa ukutani, kila jina, na majina ya wanaume pia, eti labda mwandishi alikosea mstari. Halafu siku moja akaacha kutembea, akaanza kununua maneno. Neno la kwanza alilonunua maishani mwake lilikuwa jina la mkewe.

Nieleze vizuri jambo hili, maana ndilo lililomla. Mtu yeyote, popote duniani, akiandika Poni kwenye kisanduku cha kutafutia, juu ya majibu yote alikuta mstari huu: "Poni, niko Koboko. Namba ni ile ile." Basi. Wakati huo alikuwa amekwisha hamia Koboko, kwenye chumba kimoja karibu na barabara ya mpakani, akawa anakuja Arua Jumanne na Jumamosi kufanya kazi. Nilimuuliza kwa nini alifikiri mwanamke aliyepotea atakaa aandike jina lake mwenyewe. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

"Kila mutu iko na hiyo siku," alisema. "Siku moja mutu nataka kujua kama dunia inamujua. Anaandika jina yake. Mimi nataka nikae pale."

Mimi wananiita Mama Viti. Nakodisha viti vya plastiki na mahema, ambayo hapa kwetu kila mtu anayaita tenti, na kwa kuwa nililelewa Nakuru, mzee alikuwa akinicheka kwamba Kiswahili changu ni cha redio. Nilikwenda kwake mara ya kwanza kwa sababu ya hasira. Alikuwa amezuka mtu mwingine mjini na tenti mpya nyeupe zenye madirisha, jamani, madirisha kwenye tenti! Nami wateja wangu walikuwa wanapungua huku natazama. Nilijiandikia tangazo mwenyewe, nikampelekea alilipie tu. Niliandika: Vifaa vya Hafla na Sherehe kwa Bei Nafuu. Nilijiona nimemaliza kazi.

Alilisoma. Akafumba macho kidogo, akafumbua.

"Hii nani alikufundisha?"

"Ni Kiswahili sanifu, mzee."

"Ee. Iko muzuri sana. Hapana mutu ataiona." Alisukuma karatasi yangu pembeni kwa kidole kimoja. "Fikiri baba ya mutu amekufa. Iko asubuhi. Watu wanaanza kuja, hapana pa kukaa. Mama nalia, mutoto mukubwa anapewa simu atafute viti. Mukono yake natetemeka. Huyu ataandika hafla?"

Nilicheka, halafu nikaona aibu.

"Wewe andika vile yeye ataandika," alisema. "Na makosa yake yote."

Tukanunua "tenti kilio", maana kilio ndilo neno la watu hapa kwa matanga. Tukanunua "kiti ya kukodi". Tukanunua Aruwa yenye herufi ya w, ambayo mimi niliipinga mpaka nikakauka koo. Wiki haikuisha, simu ikalia kutoka Ajia, na aliyepiga alikuwa mtoto mkubwa wa marehemu, sauti imekauka, akitaka viti mia kabla ya saa sita. Tangu siku hiyo sikubishana naye tena juu ya herufi, na yule wa madirisha akajua hajui.

Kuna orodha ambayo mashine inakupa, inayoonyesha watu waliandika nini hasa kabla ya kukuona. Wafanyabiashara wengi hawaiangalii. Wanaangalia wamepigiwa simu mara ngapi, yakaisha. Mzee aliipenda orodha hiyo kuliko chochote katika kazi yake. Aliisoma polepole, ameinamia simu, midomo ikicheza. Siku moja aliniita akanionyesha mstari mmoja kwenye orodha yangu: viti kufa ajia.

"Huyu amelia," alisema.

"Umejuaje?"

"Angalia. Hakuandika 'ya'."

Wallahi nilitazama ule mstari nikaona kweli. Kulikuwa na mtu ndani yake. Nimefanya biashara ya misiba miaka mingi, nimepanga viti mbele ya majeneza ya kila kimo, lakini kabla ya siku hiyo sikuwahi kumwona mteja wangu akiwa bado peke yake na simu yake, hajampigia mtu. Mzee ndiye aliyenionyesha, na sidhani alijua kwamba amenionyesha kitu kikubwa.

Cha ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, ukimletea barua, alikuwa mkali kama nini. Alikuwa na kalamu nyekundu mfukoni mwa koti, na koti hilo alilivaa hata jua likiwa la kukaangia karanga. Kijana akileta barua ya kuomba kazi yenye kosa moja, mzee anaizungushia duara, anairudisha, haongei. Makosa mawili, anaipasua. Mwenye kumletea barua, mzee alimtaka aandike kama bwana mkubwa, na mwenye kumletea biashara alimtaka aandike kama mtu aliyefiwa. Nilimwambia achague moja. Akasema barua inaandikwa na mtu anayejificha, na kwenye kisanduku cha kutafutia hakuna mtu anayejificha. Hiyo ilikuwa hotuba yake ndefu ya mwaka.

Kazi yake aliifundisha pia, Jumamosi, kwa yeyote aliyetaka. Tulikuwa sita au saba barazani, kwenye viti vyangu, kila mtu na simu yake. Kanuni zake zilikuwa chache na alizishika kwa ukali. Ya kwanza, chora duara ndogo: kama tenti zako hazifiki Kampala, usilipie mtu wa Kampala kukuona. Ya pili, weka maneno ya kukataza, yaani mtu akiyaandika tangazo lako lisitokee. Mimi alinikataza "bure", kwa sababu watu wengi hapa wanatafuta tenti za bure za mashirika ya wakimbizi. "Mutu wa bure hapana taka viti yako," alisema. "Mufungie mulango kwa heshima." Ya tatu, na hii ndiyo iliyomtoa povu, usijitafute. Ukiandika neno lako mwenyewe kila asubuhi uone kama unatokea, mashine inakuhesabu kama mteja asiyenunua, inaanza kukudharau.

Kulikuwa na fundi mmoja wa jenereta, Mkongo wa kupitia mpaka wa Vurra, mtu mcheshi mwenye tumbo la heshima. Alipowekewa tangazo lake kwa mara ya kwanza alifurahi mno. Kila akiamka anaandika "fundi jenereta Arua", anatokea yeye, anajibonyeza. Anamwonyesha mkewe, anajibonyeza. Anamwonyesha padri, anajibonyeza. Kila kubonyeza mashine inakata pesa ya mwenye tangazo, na baada ya siku nne pesa yote ilikuwa imeisha na hakuna mtu hata mmoja aliyepiga.

"Muze, hii kitu iko ya bongo, uongo mutupu," alilalamika. "Mutu mumoja tu ndiye anaona mimi."

"Nani?"

"Mimi mwenyewe."

Tulicheka mpaka machozi. Mzee hakucheka. Alimgombeza mbele yetu wote, kwa sauti ambayo hatukujua kama anayo, kwamba mtu mzima anajitafuta mwenyewe kwa pesa, ni wazimu gani huo, aende akajitazame kwenye kioo, kioo ni bure. Mkongo aliirudisha simu yake mfukoni. Nikaona ukali ule umepita kipimo cha kosa lenyewe.

Nilielewa wiki chache baadaye, nilipompitia Koboko mapema kumchukua kwa gari la viti. Nilimkuta ameketi kitandani, koti tayari limevaliwa, simu mkononi. Alikuwa anaandika kwa kidole kimoja, yeye aliyekuwa anapiga taipureta kwa vidole kumi bila kutazama. Aliandika jina la mkewe. Akangoja. Mstari ulipotokea, ule wa "niko Koboko", akausoma kana kwamba ni yeye ameandikiwa. Halafu akageuka akaniona mlangoni.

"Ndiyo," alisema. "Kila siku."

Sikumtania. Ningetania nini?

Kanuni zake zote tatu alizivunja kwa Poni. Duara hakuchora, alilipia dunia yote, mpaka nchi ambazo jua halizifikii. Na neno la kukataza hakuweka hata moja, na hapo ndipo palipokuwa na balaa lenyewe. Mkewe aliandikishwa shule na mwalimu fulani aliyeliandika jina lake kwa y mwishoni, Pony, na yeye mwenyewe akazoea kulitia sahihi hivyo. Kwa hiyo mzee alinunua zote mbili, Poni na Pony. Na Pony, kwa Kiingereza, ni farasi mdogo.

Ee Mungu wangu! Watoto wa Ulaya wanaotaka farasi, wazazi wanaonunua farasi wa plastiki wenye nywele za rangi ya waridi, watu wa mashamba, watu wa katuni, wote walikuwa wanaandika neno hilo usiku na mchana, na wote walikuwa wanamwona mzee wetu: "Poni, niko Koboko." Wengine walibonyeza. Kila mtu akibonyeza, anayelipa ni mzee. Wengine hata walipiga simu. Nilikuwepo mara moja namba ndefu ya nje ilipoita. Alisimama. Alikuwa anasimama kila simu ilipoita. Akapokea kwa mikono miwili.

"Poni?"

Mwanamke wa upande ule akasema maneno marefu ya Kiingereza. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Hapana," akasema. "Samahani, mama. Hapa hapana farasi."

Akakaa. Fundi wa jenereta alitazama viatu vyake. Mimi nilikasirika, na nikikasirika mdomo wangu hauna breki. Nilimwambia, mzee, kataza farasi! Kataza katuni! Unatufundisha sisi kufunga mlango na wewe mwenyewe umelala mlango wazi, wezi wanabeba sufuria. Neno moja tu, unaweka neno moja la kukataza, na wote hao wanaondoka.

"Na kama siku hiyo iko na mutoto karibu yake?" aliuliza. "Kama yeye naandika jina yake, na mutoto nasema, mama, tuone farasi, na yeye nachanganya yote mbili? Mashine itamufungia nje."

"Mzee, hiyo haiwezekani."

"Inawezekana kidogo."

Kwa hicho kidogo aliuza taipureta. Aliuza baiskeli. Alihama chumba, akaenda kingine kidogo zaidi nyuma ya hicho cha kwanza. Sisi wanafunzi wake tulikuwa tunatokea juu kabisa kwenye simu za watu, tunapigiwa, tunanunua pikipiki, na yeye aliyetufundisha alikuwa anakonda ndani ya koti.

Lazima niseme na habari ya mganga. Alikuja Jumamosi moja kutoka upande wa Lurujo, kavaa saa mbili, moja kila mkono. Alitaka maneno. Alitaka mtu akiandika "rudisha muke" au "muke amepotea", atokee yeye na dawa zake. Alikuwa na pesa mkononi, tulizoziona wote. Mzee alikuwa hana hata ya nauli ya kurudi Koboko siku hiyo, nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimpe.

"Hapana," alisema mzee.

"Nalipa mara mbili."

"Hapana. Hii maneno mimi hapana uza."

Mganga alikuwa ameshasikia habari zake, nani hakuzisikia? Akacheka, si kwa ubaya sana, akarudisha pesa mfukoni.

"Muze, wewe na mimi tunauza dawa moja," alisema. "Lakini mimi yangu hapana kunywa."

Mzee alikusanya simu yake, kalamu zake na miwani, akavipanga mfukoni kimoja kimoja, akafunga darasa kabla ya saa nne asubuhi. Nilimpeleka mwenyewe mpaka Koboko. Nilipomshusha nilimwambia kile nilichokuwa nikimwambia kila mara: subiri, mzee, iko siku ataona. Nilisema hivyo miaka tisa. Mimi mwenyewe sikuamini. Niliamini Poni amekufa barabarani wiki ile ile ya pili, kama wengine wengi, na nilikuwa namwambia subiri kwa sababu sikuwa na neno lingine, na kwa sababu lilikuwa rahisi kusema huku nimeshika usukani. Kama kuna dhambi yangu katika habari hii, ndiyo hiyo.

Usidhani alikuwa mtu wa huzuni tu. Alipenda mpira, akausikiliza redioni kwa kijisauti kidogo sana, na timu yake ikifungwa anaizima redio kama kuiadhibu. Alikuwa na wivu wa ajabu na watu wenye mwandiko mzuri. Aliwaogopa bata. Kuna mama mmoja wa Sudani Kusini aliyekuwa anauza chai karibu na baraza, mama mzuri, mjane, na kila Jumanne alimwekea mzee kikombe chake bila kuambiwa, sukari vijiko vitatu. Tulimtania. Fundi wa jenereta alimwambia, "Muze, hii tangazo iko mbele ya macho na wewe hapana bonyeza." Mzee alitabasamu, akanywa chai, akamshukuru mama kwa heshima zote, na Jumanne iliyofuata akaleta kikombe chake mwenyewe kutoka nyumbani ili yule mama asikosee kuelewa. Nilimwona mama anakitazama kile kikombe. Nikamchukia mzee siku ile, kidogo, na nikamchukia Poni zaidi, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, mzima au maiti.

Mwaka jana akakosekana barazani wiki tatu mfululizo. Simu yake ilikuwa inaita lakini hapokei, na hilo peke yake lilitosha kututia hofu, maana yeye hakuwahi kuacha simu iite mara mbili. Nilikuwa na msiba Lobule, nimepeleka tenti mbili, na wakati wa kurudi nikamwambia dereva apite Koboko anishushe, aje kunichukua baadaye.

Nilimkuta ndani, mchana, mlango umerudishwa nusu. Alikuwa na shati tu. Sijawahi kumwona bila koti, na mabega yake yalikuwa madogo kuliko nilivyodhani. Simu ilikuwa mezani mbele yake, imelazwa kifudifudi.

"Karibu, mama. Keti."

Nikaketi. Nikauliza kama anaumwa. Akasema hapana. Nikauliza mbona hapokei simu.

"Poni amepiga."

Nilipiga kelele. Nilisimama, nikapiga makofi, nikasema asante Mungu, nikasema yuko wapi, anakuja lini, tutaleta tenti, viti vyote, bure! Nilisema mambo mengi ya kipumbavu mpaka nikaona kwamba yeye hajasogea.

"Keti, mama," alisema tena.

Poni yuko Juba. Ana mume, ana watoto watatu. Mkubwa amejua kusoma, na siku hizi anachezea simu ya baba yake. Akaandika jina la mama yake kwenye kisanduku, basi tu, utoto, aone kutatokea nini.

"Mutoto akasoma kwa sauti," alisema mzee. "Mbele ya baba yake. Akauliza, mama, nani huyu iko Koboko?"

Sikujua pa kuweka mikono yangu.

"Kwa hiyo ameona sasa hivi tu," nilisema. "Hakuwa anajua kwamba unamtafuta."

"Aliona zamani. Mwaka ile ya kwanza. Aliandika jina yake, akaniona." Alikuwa anaongea taratibu, kama anasoma ile orodha yake. "Amesema alikuwa nafungua kila mara, anaangalia kama bado niko. Halafu akaacha kuangalia."

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile, na bado linanichoma. Ningetaka sana kusema kwamba mashine ilikosea, kwamba farasi walimficha, kwamba dunia ni kubwa mno. Hakuna kilichokosea. Aliandika jina lake kama mzee alivyosema ataandika, na tangazo likatokea juu kabisa kama alivyotufundisha, na akalisoma, na akaelewa, na akakaa kimya miaka tisa. Mwanafunzi wake yeyote angefurahi kupata matokeo ya namna hiyo.

"Anataka nini?" niliuliza. Sauti yangu ilikuwa imeshabadilika.

"Amesema, toa jina yangu pale."

"Usitoe!" Hasira zilinipanda mpaka masikioni. "Usitoe, mzee. Ni wewe unayelipa. Miaka yote hii alikuwa anakuchungulia kama mtu anachungulia dirishani, hakubisha hata hodi, na leo anakuja kukupa amri? Akae nalo! Bwana yake alisome kila siku!"

"Jina iko yake, mama."

Akaigeuza simu, akaifungua, akanisogezea. Ukurasa ulikuwa tayari. Ulikuwa ni ule ambao sisi wote tuliujua, wenye mistari ya matangazo na kidude cha kubonyeza pembeni, kijani likiwa linaishi, kijivu likiwa limezimwa. Kwenye ukurasa wake kulikuwa na tangazo moja tu.

"Wiki tatu niko nalo hapa," alisema. "Matangazo ya watu natoa kila siku. Hii kidole inakataa. Bonyeza wewe."

Nilikataa. Akaniomba tena, na hakuongeza sauti, aliniita tu mama. Nikabonyeza. Nilitegemea mashine iulize kama nina hakika, iseme lolote, lakini haikuuliza kitu. Kijani kikawa kijivu.

"Imetoka?"

"Imetoka, mzee."

Alitikisa kichwa, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Nje gari la mizigo la kwenda mpakani lilipita, vikombe vikatikisika kwenye rafu. Nilitaka sana awe amesikia kitu kimoja chema kutoka kwa yule mwanamke, kimoja tu, cha kulalia.

"Hakusema kitu kingine?" niliuliza. "Miaka tisa, akasema hilo tu?"

Alifikiri.

"Ameuliza kama mimi nakula vizuri."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ndiyo."

Nilitazama pale alipopikia. Jiko la mkaa lilikuwa safi, limefagiliwa majivu, na sufuria ilikuwa imefunikwa chini juu, kavu, buibui ameshaanza kazi yake kwenye mpini. Nilimwambia, mzee, vaa koti, twende hapo barabarani wanauza ugali wa muhogo na maharage, twende tule, mimi pia nina njaa. Nikamshika mkono wa shati.

Akautoa mkono wake polepole, kwa heshima.

"Enda wewe, mama," alisema. "Mimi nilishamwambia nakula."

Nikaenda peke yangu.